Uainishaji wa Pombe za Kilosa na Mikumi: Rasimu ya Kwanza

1. Tatizo la utafiti

Mwaka 1855 Kaizari Napoleon wa Tatu wa Ufaransa alitaka mvinyo wa Bordeaux upangwe madaraja kabla ya maonyesho makubwa ya Paris. Madalali wakaketi na madaftari yao ya bei, wakatoka na orodha ya madaraja matano. Orodha hiyo ikaheshimiwa kiasi kwamba shamba la Mouton lilisubiri hadi 1973 kupandishwa kutoka daraja la pili hadi la kwanza. Kwa miaka yote hiyo 118 wilaya ya Kilosa iliendelea kupika, kuchuja na kunywa bila daraja hata moja lililoandikwa. Hadi leo ukiuliza pombe ipi ni bora, unajibiwa swali kwa swali: "Kwani leo zamu ya nani?" Jibu la namna hiyo haliingii kwenye jedwali, na kisichoingia kwenye jedwali, sisi wasomi tumekubaliana, hakipo.

Rasimu hii inakusudia kuziba pengo hilo. Eneo la utafiti linaanzia mji wa Kilosa kando ya mto Mkondoa, linagusa Kimamba na Rudewa kwenye mashamba ya mkonge, linafuata barabara ya Ulaya (Ulaya ya Kilosa, siyo ile ya akina Napoleon) hadi Mikumi, na kuishia kwenye miwa ya Ruhembe, upande wa Kidodi. Kipimo cha kulinganishia ni shamba dogo la mizabibu la Uswisi, mfano wa yale ya jimbo la Valais, ambako familia moja hulima, hukamua, huhifadhi na kuuza mlangoni pake, na mgeni hushushwa ghalani kuonjeshwa na mwenye mali mwenyewe. Uswisi imechaguliwa makusudi. Bordeaux ina makasri, nasi hatuna kasri. Ila nyumba yenye mapipa mawili matatu, mpishi asiyefuata kitabu cha mtu, na mteja anayekalishwa kwenye benchi la familia ni vitu ambavyo Valais na Kilosa wanavyo sawasawa.

2. Waliotangulia

Carl Linnaeus alipanga wanyama wote aliowajua katika toleo la kumi la kitabu chake, mwaka 1758. Kilosa hakufika.

Aliyefika ni T. O. Beidelman, mwanaanthropolojia wa Kimarekani aliyeishi Ukaguru mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati Gairo ya leo ilikuwa bado sehemu ya wilaya ya Kilosa. Mwaka 1961 alichapisha makala juu ya unywaji wa pombe na wizi wa ng'ombe Ukaguru. Humo tunaona kilabu kikiwakutanisha Mkaguru mkulima na Mparakuyo mfugaji, watu ambao kwingine walitazamana kwa jicho la pembeni. Pombe imo katika kichwa cha makala, wizi umo, ng'ombe wamo. Ladha haikupata nafasi. Kwa mtu aliyekaa karibu na pipa kiasi hicho, tunalichukulia kuwa pengo kubwa la kitaaluma.

Sheria ya Vileo ya 1968 nayo ni kazi ya uainishaji kwa namna yake: iliitenga pombe ya kienyeji na vileo vingine, ikaipa leseni yake. Lakini mbele ya sheria komoni na ulanzi ni kitu kimoja. Muuzaji atakayekuletea ulanzi ulipoagiza komoni hatajitetea kwa kifungu hicho akaeleweka.

Uainishaji bora tuliouona uko barabarani. Barabara kuu ya kwenda Zambia inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa 1964, kwa kilomita 50 hivi, na njiani kuna bango linaloorodhesha wanyama na faini ya kila mmoja, kwa dola, kwa dereva atakayemgonga. Hakuna oda, hakuna jenasi, hakuna Kilatini. Kuna twiga na bei yake, pundamilia na bei yake. Dereva wa lori la shaba analisoma bila kupunguza gia na analielewa lote. Tumejitahidi kuiga uwazi huo, tukashindwa kwa sababu za kitaaluma.

3. Mbinu na vifaa

Shirika la Viwango la Kimataifa liliamua mwaka 1977 glasi ya kuonjea mvinyo iweje: umbo la yai, mdomo uliobanwa ili harufu isitoroke, ujazo wa mililita 215 hivi. Vilabu vya Kilosa vimeamua kopo la plastiki, la nusu lita au lita nzima, jekundu au la buluu kutegemea dukani kulikuwa na nini. Kopo hili lina faida ambayo glasi haina. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux walichapisha jaribio ambamo wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu, nao wakaueleza kwa maneno yale yale wanayotumia kwa mvinyo mwekundu. Macho yaliwaponza. Ndani ya kopo la buluu, chini ya paa la nyasi, saa kumi na moja jioni, macho hayana la kusema.

Utaratibu wa kuonja ni huu. Kwanza salamu: hakuna onja kabla ya shikamoo, na mtafiti anayeanza na kalamu anahudumiwa mwisho. Pili, mwenye pombe huonja yeye mwenyewe mbele ya mteja. Hicho ndicho cheti cha ubora, na ni hakikisho kwamba hakuna kilichotiwa humo. Tatu, mteja anamiminiwa kidogo, bure. Nne, anatikisa kopo. Mswisi huzungusha glasi ili harufu ipande. Wa Kilosa hutikisa ili machicha yaliyotuama yapande, kwa kuwa anayekunywa maji ya juu peke yake amepunjwa na anayekunywa ya chini peke yake ameshiba. Tano, anameza. Kutema, ambako ghalani Uswisi ni adabu, hapa huleta taharuki: mama atauliza kama unaumwa, kisha ataonja tena kuhakikisha, kisha atakasirika, kwa mfuatano huo.

Kilosa ina Waislamu wengi na walokole wa kutosha wasiogusa kileo. Hao walikuwa kundi la kulinganishia, wakapewa togwa. Kwa kuwa wao ndio waliokumbuka vizuri yaliyosemwa, takwimu zote za jioni zimetoka kwao.

4. Makundi makuu

*Kundi A: Pombe za nafaka.* Hili ndilo kundi lenye wanachama wengi. Humo umo ujimbi wa Wakaguru na jirani zao Wagogo, na imo komoni, ambayo siku hizi ndiyo jina linalosikika zaidi vilabuni. Wapo wanaokaanga unga uliochachuka hadi ubadilike rangi kabla ya kuendelea, na wapo wanaoona kukaanga ni kuharibu kuni. Msingi ni kimea. Mahindi hulowekwa, hutandazwa juu ya gunia au majani ya mgomba, hufunikwa hadi yachipue, kisha huanikwa na kusagwa. Ndani ya punje inayochipua kuna vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari ili mche upate chakula. Mpika pombe anaingilia hapo, anauchukua mkate wa mche na kuupeleka kwingine.

Uji mzito hupikwa kwenye pipa, huepuliwa, huachwa upoe, kisha kimea hukorogwa humo kwa mwiko wenye urefu wa jembe. Hapa ndipo mpishi na mpishi wanapotengana. Uji ukiwa wa moto mno vimeng'enya hufa, na pipa zima litabaki uji. Ukiwa umepoa mno, bakteria wa uchachu hutangulia na pombe huchacha kabla ya kulewesha. Maabara itakwambia lenga nyuzi 60 na ushee. Mama mmoja wa Kimamba hana kipimajoto: huchovya kidole, hukitoa, hukitazama kama kina habari, hukichovya tena. Alipoulizwa anahesabu hadi ngapi akiwa amekichovya, alisema hahesabu. "Kidole chenyewe kinajiondoa. Kikikubali kukaa, natia kimea."

Siku inayofuata hupikwa tena au huachwa, kutegemea nyumba. Hatimaye huongezwa kimea kingine, cha ulezi kama upo, nacho hubeba hamira ya asili. Wengine hubakiza machicha ya upishi uliopita na kuyamwaga humo, ili pombe mpya irithi tabia ya ile ya zamani. Hapa msomaji wa Uswisi atatuelewa mara moja. Katika bonde la Anniviers, Valais, kuna mvinyo unaoitwa mvinyo wa barafu za milimani, unaotunzwa kwenye mapipa ya mti wa lachi yasiyomalizwa kamwe. Kila mwaka hupunguzwa kidogo na kujaziwa mvinyo mpya. Pipa moja la kijiji cha Grimentz linahesabiwa tangu 1886. Wageni hulipiga picha na kunong'ona mbele yake. Kimamba ndoo ya machicha inafanya kazi ile ile, imefunikwa kwa sahani, na kuku wamesimama pembeni wakisubiri bahati.

Kuchuja nako kunastahili aya yake. Mkonge uliingia nchini mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf alipoleta miche kutoka Florida, na iliyofika hai Tanga ilikuwa 62. Kilosa ikawa moja ya ngome zake, na kwa muda mrefu gunia la katani ndilo lililobeba mavuno ya nchi hii. Leo pombe ya Kilosa, ndani ya harufu ya mkonge, huchujwa kwa salfeti ya plastiki iliyokuja na mbolea, ikafuliwa, ikafuliwa tena. Wataalamu wa mvinyo husema pipa huacha alama yake katika ladha. Tunakubali, na tunaomba mfuko wa mbolea uendelee kufuliwa.

*Kundi B: Maji ya mti.* Ulanzi ndio mkuu wa kundi hili, na si mzaliwa wa Kilosa. Unatoka nyanda za Iringa na Njombe, ambako chipukizi la mwanzi hukatwa kichwa msimu wa mvua, likachanjwa upya asubuhi na jioni, na maji yake yakadondokea kwenye mbeta, kikombe cha mwanzi huo huo. Ukiwa wa siku hiyo, mtamu, huitwa mtogwa. Ukikomaa na kuwa mkali huitwa mkangafu. Kwa kuwa unachachuka tangu mbeta hadi koo bila mtu kuuamuru, ulanzi unaotelemka kuja Mikumi hubadilika njiani: unaweza kupakiwa mtogwa ukashushwa mkangafu. Wachukuzi wanajua dumu la ulanzi halifungwi kifuniko hadi mwisho. Huachiwa upenyo, au mdomo huzibwa kwa majani yanayopitisha hewa. Gesi isipopata njia itajitafutia, na abiria wa kiti cha nyuma ndiye atakayetoa taarifa.

Kutoka upande wa pili, Pwani, huja mnazi, ambao una haraka kuliko ulanzi. Ukigemwa asubuhi ni kinywaji cha mgonjwa, jioni ni cha mwenye afya.

*Kundi C: Asali, sukari na miwa.* Wanzuki ni ya asali. Kangara zamani ilikuwa ya asali pia, siku hizi ni ya sukari na pumba za mahindi, jambo linaloiweka mguu mmoja Kundi A na mwingine Kundi C; tumeiacha hapa kwa sababu ndiko ilikodondokea. Upande wa Ruhembe, ambako kiwanda cha pili cha sukari cha Kilombero kimo ndani ya wilaya ya Kilosa, miwa iko mpaka kwenye mitaro, na pombe ya miwa ina historia ndefu nchini: Wapare wana dengelua yao, Wasambaa boha yao. Wafugaji wa Kimaasai huchachusha asali kwa mizizi ya mshubiri, kinywaji cha wazee na cha sherehe, ambacho kijana hakisogelei kabla ya kuitwa.

*Kundi D: Zisizokuwepo.* Gongo haipo. Kila aliyeulizwa, kuanzia Rudewa hadi Mikumi, alithibitisha kwamba hapo kwao haipo, ingawa amesikia ipo kijiji cha pili. Tulipofika kijiji cha pili tukaambiwa kijiji cha kwanza. Sheria ya mwaka 1966 ilishaiweka gongo, kwa jina la moshi, chini ya leseni, na asiye na leseni hukamatwa. Tunaorodhesha kundi hili kama wanafizikia wanavyoorodhesha chembe ambazo hawajaziona, kwa kufuata athari zake kwa vitu vilivyo karibu. Athari hizo ni za kweli: gongo isiyokenekwa vizuri imepofusha watu na kuua, na mzaha wa rasimu hii unakomea mlangoni pake. Humu pia tungeweka viroba, vile vipakiti vya pombe kali ya kiwandani, ambavyo serikali ilivipiga marufuku kuanzia Machi 1, 2017.

5. Kinachoelezwa na makundi hayo

Wataalamu wa mvinyo wakikwama hukimbilia udongo. Kokoto hii, mteremko ule, jua la alasiri upande wa kusini. Udongo wa Kilosa ni mzuri, lakini hauelezi lolote hapa, kwa kuwa nusu ya vilivyomo kwenye pipa vimezaliwa kwingine. Ulezi wa kimea umenunuliwa sokoni, sukari imepita dukani, ulanzi umeshuka milima ya Iringa.

Maelezo yako kwenye ajira. Wajerumani walianza reli ya kati Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma 1914, ikipita Kilosa na Kimamba. Reli ikawezesha mkonge, na mkonge ukaita watu: manamba kutoka kusini, kutoka Unyamwezi, kutoka ng'ambo ya mipaka. Kila aliyeteremka alikuwa na dhana yake ya jioni njema. Baadaye sukari ya Kilombero ikaita wengine, na tawi la reli la Kilosa hadi Kidatu likawapitisha Mikumi. Barabara ya Zambia ikaongeza madereva. Mke wa mkata mkonge aliyepika pombe ya kwao ili wenzake wa kambi wajisikie nyumbani alikuwa akiandika historia ya uchumi ambayo hakuna aliyeiomba. Watoto wake wamesahau lugha ya bibi yao, ila pombe wanaipika vile vile. Ukitaka kujua kambi ilikuwa ya watu gani, kwenye kilabu utapata jibu mapema kuliko kwenye nyaraka.

6. Tatizo la umri

Mvinyo una mwaka. Chupa imeandikwa 2015, na mwenye pesa atakwambia 2015 ulikuwa mwaka gani. Pombe ya Kilosa ina siku. Kuanzia inapochujwa, umri wake ni huu:

Siku ya kwanza ni *changa*. Tamu, ina harufu ya uji, na watoto huzunguka pipa wakijidai wanatafuta mpira.

Siku ya pili *imeiva*. Hamira imekula sehemu kubwa ya sukari, uchachu wa bakteria umepanda kiasi cha kukata kiu, povu linaongea. Kwa pombe nyingi za nafaka kilevi sasa kiko karibu na cha bia. Hii ndiyo siku ambayo mzee mwenye heshima zake huonekana.

Siku ya tatu ni *kali*. Utamu umekwisha, sauti za wanywaji zimepanda, bei imeshuka.

Siku ya nne *imelala*. Hewa imeshawapa nafasi bakteria wa siki, na wanunuzi ni wale ambao hawana jingine. Baada ya hapo ni mali ya nguruwe, ambao hawajawahi kulalamika.

Louis Pasteur aliandika kitabu kizima juu ya magonjwa ya mvinyo mwaka 1866 na kingine juu ya bia 1876, akaonyesha kwamba ukikipasha moto kinywaji unaweza kuisimamisha saa hii. Viwanda vilimsikiliza. Kilosa haijaona haja: pombe inayosubiri miaka kumi inahitaji wanywaji wenye subira ya miaka kumi, na hao hawajapatikana wilayani.

Kwa hiyo jina kamili la pombe lina sehemu mbili, kama Linnaeus alivyotaka: siku na mtu. Vilabu vingi huendeshwa kwa zamu. Leo anauza huyu, kesho yule, ili kila nyumba iuze pipa lake likiwa limeiva na asiwepo wa kumwaga. "Ya pili ya Mama wa Alhamisi" ni anwani inayojitosheleza. Mnywaji anajua utamu, uzito, kiasi cha machicha, hata kama atapata benchi. Lebo ya Valais hutaja familia, kijiji, zabibu na mwaka, na bado mgeni hana budi kuuliza.

7. Uainishaji wa wanywaji

Hakuna mvinyo bila mhakiki. Vilabuni tumewatambua wanne.

*Mwonjaji mzururaji* huzunguka kila nyumba yenye pombe siku hiyo, huonjeshwa kila mahali, huahidi kununua popote pale isipokuwa hapa. Jioni amelewa bila kutoa shilingi. Uswisi yupo pia, na huko huitwa mtalii.

*Mdaiwa* anajua ubora wa pombe kuliko wote kwa kuwa hana haraka ya kuondoka. Akitoka atadaiwa.

*Mwenye shukrani* ni aliyealikwa kulima. Pombe ya kazi hunywewa shambani au baada ya shamba, hailipiwi kwa fedha, na ladha yake haikadiriki kwa sababu anayeonja ameshalima nusu eka.

*Mzee wa kona* ndiye mhakiki mkuu. Robert Parker, Mmarekani aliyeogopwa na mashamba yote ya Ufaransa, alitoa alama kuanzia 50 hadi 100. Mzee wa kona ana alama mbili. Akinywa akanyamaza, pombe imepita. Akinywa akasema, "Mwanangu, leo ulikuwa na mawazo?" mpishi anaelewa, na wateja waliokuwa wanakuja wanageuzia njia pale pale.

8. Pingamizi

Mhakiki wa kwanza wa rasimu hii aliuliza kwa nini tunaipamba pombe inayoharibu nyumba. Hoja yake ina uzito. Kuna mshahara wa wiki unaoishia kwenye benchi, na kuna kiwiko kinachorudi nyumbani kabla ya mwenye nacho. Kuna pia hatari isiyoonekana: mahindi yaliyoota ukungu, ambayo nyumba haiwezi kula, hushawishi yatupwe kwenye kimea. Sumukuvu haiondoki kwa kupikwa, na mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mpishi wa sifa huchagua punje kwa mkono kabla ya kuloweka. Hiyo ndiyo tofauti ya kwanza kati ya daraja la juu na la chini, na inatokea siku kadhaa kabla ya mtu yeyote kuonja.

Lakini pipa hilo hilo limelipa ada. Kwa mama asiye na shamba la kutosha wala ajira, mtaji wa pombe ni debe la mahindi, kuni, na jina. Jina likiharibika, debe na kuni havitoshi kulirudisha.

Mhakiki wa pili alipendekeza tuwapeleke wapishi Dodoma wakajifunze mvinyo halisi. Dodoma tunaiheshimu. Wamisionari wa Kikatoliki walipanda zabibu Bihawana katika miaka ya 1950, na leo mkoa huo unavuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo Valais hawaliwezi. Lakini mvinyo wa Dodoma umeshaingia kwenye chupa, na chupa haikuombi shikamoo. Tumemjibu mhakiki kwa barua ya adabu.

9. Hitimisho na mapendekezo

Uswisi husafirisha nje chini ya asilimia 2 ya mvinyo wake. Unaobaki wanakunywa wenyewe, na dunia ikiuliza kwa nini haijausikia, hawaoni sababu ya kueleza. Pombe ya Kilosa haisafiri kabisa, na hadi sasa jambo hilo limeandikwa kama udhaifu wa soko: haina vifungashio, haidumu, haifiki Kariakoo. Rasimu hii inapendekeza liandikwe upya. Kinywaji kinachoisha siku ya pili, kwenye nyumba kilipopikwa, mikononi mwa watu wanaomjua mpishi kwa jina, kimetimiza kazi yake yote, na hakuna daraja la Bordeaux linaloweza kukiongezea kitu.

Kwa hiyo tunapendekeza: Kwanza, madaraja yote yafutwe isipokuwa mawili yanayotumiwa na mzee wa kona. Pili, makundi A hadi C yabaki kwa matumizi ya mitihani tu. Tatu, atakayetaka kuonja asisubiri kuletewa. Ashuke Kilosa, ambako treni ya umeme inasimama tangu 2024, na aulize njia kwa watu waliokunywa togwa. Nne, mtafiti atakayefuata alipe kabla ya kukaa. Kila kilabu tulichofika kina daftari la madeni, na katika daftari hilo wasomi wamekwishaainishwa, kwa majina kamili na kiasi.